Nashinda Kariakoo, nakula usiku, uzito haupandi: nifanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 26, fundi simu Kariakoo. Nina urefu wa sentimita 174 na uzito wa kilo 52, na uzito huo haujasogea kwa miaka miwili. Naishi Mbagala peke yangu. Natoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni, narudi saa 3 au 4 usiku. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana nikipata nafasi nakula wali maharage kwa mama lishe, wateja wakijaa naunga na soda mpaka jioni. Usiku napika ugali na dagaa au mchicha, nakula nimechoka, mara nyingine nabakiza. Jumapili naenda kwa shangazi, huko nakula mpaka kunyanyuka ni shida. Wenzangu wananiita Njiti. Mmoja kaniletea vidonge vya kunenepa, anasema dada yake alinenepa ndani ya wiki tatu. Mwingine ananiambia ninunue protini ya kopo. Nianze na kipi, na itachukua muda gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si daktari, ni afisa lishe. Nikikwambia nenda kwa daktari, na hapa chini nitakwambia, usidhani nakukwepa.

Nianze na vidonge, maana hivyo haviwezi kusubiri. Usivimeze. Vinavyouzwa mtaani kwa jina la "vya kunenepa" mara nyingi huwa na deksamethasoni, siproheptadini, au vyote viwili pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaleta njaa, ndiyo, lakini inaleta na usingizi, na sipendi kumfikiria fundi anayesinzia huku ameshika kifaa cha moto juu ya simu ya mtu. Deksamethasoni ni dawa nzuri kwa kazi yake, na wagonjwa mahututi wa Uviko-19 iliwasaidia, lakini hiyo ni kwa maagizo ya daktari na kwa siku zinazohesabika. Ukiila kiholela, mwili unashika maji, uso unakuwa duara, sukari na presha vinapanda, kinga inashuka, na vimelea vya kifua kikuu vilivyokuwa vimelala mwilini vinaweza kuamka. Misuli yenyewe inalegea, hasa ya mapaja. Kwa hiyo dada wa rafiki yako mizani ilimpanda kweli, ila sina uhakika kama alichoongeza ndicho unachokitaka wewe.

Kuna jambo la hatari zaidi ambalo wauzaji hawalisemi. Mwili una homoni yake inayofanana na deksamethasoni, inatengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ukiuletea kutoka nje kila siku, tezi zinaacha kazi. Siku ukikatisha ghafla, mwili unabaki mikono mitupu: presha inashuka, unatapika, unaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo mwambie huyo dada, kama bado anavitumia na wiki zimepita, asiviache kwa ghafla. Aende hospitali navyo mkononi, wampunguzie taratibu.

Tuje kwenye sahani yako. Ukigawanya uzito wako kwa urefu wako wa mita, kisha jibu ukaligawanya tena kwa urefu huohuo, unapata 17.2. Kwa mtu mzima tunataka isishuke chini ya 18.5, ambayo kwa urefu wako ni kilo 56. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kilo nne. Usianze kuwaza kilo 70 za jamaa wa jimu.

Miaka miwili uzito uko palepale maana yake ni kwamba mwili wako umeshatufanyia hesabu: unachokula ndicho unachotumia. Kazi yako ni ya kukaa, hivyo nakadiria ni kalori 2,100 hivi kwa siku. Nimejaribu kuijumlisha siku yako. Chai yenye sukari na maandazi mawili, kama 400. Wali maharage, sahani ya kawaida ya mama lishe, 700 au zaidi kidogo. Soda moja, 150. Ugali na mboga usiku ukimaliza, 700 au 750. Inakuja karibu 2,000. Siku ambayo wateja wamejaa na mchana umepita, unabaki na 1,300. Kisha Jumapili shangazi anafidia, na Jumatatu tunaanza upya.

Watu wengi wanaokuja kwangu na "nakula sana lakini sinenepi" wako hivyohivyo. Wanaikumbuka Jumapili, Jumatano hawaikumbuki. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe siku za kliniki zikijaa nakunywa chai tatu na kujiambia nimekula.

Ili upande polepole, karibu kilo moja kila wiki tatu au nne, unahitaji nyongeza ya kalori 400 hadi 500 kwa siku. Ni hizo tu. Huhitaji sahani ya pili ya ugali, na saa 4 usiku usingeimaliza hata ungejilazimisha. Tatizo lako si ukubwa wa sahani ya usiku. Ni ule muda kati ya saa 2 asubuhi na saa 4 usiku, ambao siku mbaya unapita na chupa ya soda peke yake. Tunachotafuta ni chakula kidogo kwa ujazo, kizito kwa nguvu, kinacholiwa bila kuinuka kwenye kiti na kisichohitaji friji wala jiko.

Hapo mafuta ndiyo rafiki yako. Gramu moja ya wanga au protini inatoa kalori 4, gramu moja ya mafuta inatoa 9. Chukua bakuli la nusu lita la uji mwepesi, lililopikwa kwa gramu 50 za unga. Linajaza tumbo kabisa, lakini ndani yake mna kalori 180 tu, kabla ya sukari. Koroga humo vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga na umeongeza 190. Bakuli ni lilelile, tumbo ni lilelile, nguvu zimezidi mara mbili. (Na usihangaike na unga wa nafaka saba. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, zote ni nafaka, ukizichanganya unapata nafaka. Kinachobadilisha uji ni karanga, maziwa au mafuta.)

Lakini wewe alfajiri hupiki uji, na sitakudanganya kwamba utaanza. Fanya hivi. Nunua karanga za kukaanga za wiki nzima, weka kwenye kopo lenye mfuniko, liweke kwenye droo ya meza yako ya kazi. Konzi moja, kama gramu 30, ina kalori 170. Kula moja saa 5, nyingine saa 10 jioni, hata kama mteja amesimama mbele yako anauliza kioo kimefikia wapi. Zichague: yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, si hadithi, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, ingawa pale lawama kubwa ilikuwa kwenye mahindi. Na kwa kazi yako naongeza sharti ambalo simpi mtu mwingine: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kopo hilo, au zimimine mdomoni kwa kijiko. Waya mwingi wa kuchomelea una madini ya risasi ndani yake, na risasi inayobaki kwenye vidole ikiingia mdomoni kila siku inajikusanya mwilini. Kopo lisikae wazi mezani penye moshi.

Cha pili ni maziwa ya pakiti yale yanayokaa muda mrefu bila friji. Nusu lita isiyopunguzwa mafuta ina kalori kama 300 na protini gramu 16. Ukishaifungua imalize ndani ya saa moja au mbili, joto la Kariakoo unalijua. Kama maziwa yanakujaza gesi au yanakuharisha, jaribu mtindi, wengi wanaoshindwa maziwa freshi wanauvumilia. Hiyo soda yako iweke baada ya maziwa, isiwe badala yake.

Cha tatu ni makubaliano na mama lishe, na hili ndilo ningelifanya leo kabla ya yote. Mlipe ya wiki nzima Jumatatu, mwambie sahani yako ifike mezani saa 7 kamili, uwe na mteja usiwe na mteja. Chakula kilichokwisha lipiwa na kikaja kunukia mbele yako hakiahirishwi. Akiwa na maharage ya nazi, chukua hayo. Parachichi likiwa msimu, nusu yake inaongeza kalori 150 au zaidi kulingana na ukubwa. Wale wanaopita na mayai ya kuchemsha na kachumbari, chukua mawili, yanakaribia 150. Na maji usinywe glasi mbili kabla ya kula. Kunywa ukimaliza, na katikati ya milo.

Usiku usiongeze ugali, ongeza kilichomo kwenye mboga. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na ukiunga mchicha kwa karanga zilizosagwa huo ni mlo mwingine kabisa. Ukiwa hoi na hata moto hutaki kuwasha, ndizi mbivu mbili na kikombe cha maziwa ulale. Ni bora kuliko ugali unaoubakiza.

Sijasema ufanye yote. Karanga mara mbili na maziwa nusu lita tayari ni zaidi ya 600. Anza na hivyo viwili pamoja na ile sahani ya saa 7, mengine yawe akiba.

Chipsi mayai? Hukuuliza, lakini najua ziko pale nje. Mara moja moja kwa wiki sina ugomvi nazo. Zikiwa ndiyo njia yako ya kupanda utapata kitambi juu ya miguu ileile, na mafuta ya baadhi ya vibanda yamekaangiwa tangu juzi.

Protini ya kopo haina ubaya mkubwa, ila huihitaji. Kwa anayetaka kujenga misuli, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito zinatosha, kwako ni gramu 83. Nimehesabu: maziwa nusu lita 16, mayai mawili 12, maharage 14, dagaa wakavu gramu 30 wanatoa kama 18, karanga konzi mbili 15, na wali na ugali wenyewe vinaleta kama 17. Tayari ni 92, kopo halijafunguliwa. Hiyo hela ndiyo ya kumlipa mama lishe. Piga pushapu na skwati siku tatu kwa wiki, dakika 15 zinatosha kuanzia, ili kinachoongezeka kisiishie tumboni. Sigara, mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaua hamu ya kula. Kama kimojawapo unacho, ndipo pa kuanzia kabla ya karanga.

Sasa hospitali. Kwamba uzito umesimama na haushuki ni dalili nzuri, na kama baba yako alikuwa mwembamba katika umri wako, sehemu ya jibu iko hapo. Lakini chini ya 18.5 sikuachii hivihivi. Kapime kifua kikuu, VVU, sukari, tezi ya shingo, na choo kwa ajili ya minyoo. Kifua kikuu na VVU vituo vya serikali havikutozi. Usisubiri hata wiki moja ikiwa una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kiu na kukojoa kusikoisha, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au nguo zimeanza kukupwaya bila wewe kubadili kitu.

Muda: miezi mitatu hadi minne, ukijumlisha siku zitakazoharibika, maana zitaharibika. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Zile mashine za mtaani zinazoita watu wapime urefu na uzito hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo chagua moja na uing'ang'anie, vua viatu, toa simu mifukoni, na wewe najua unatembea na za wateja. Baada ya wiki nne, kama haijapanda hata nusu kilo, ongeza yale mayai mawili au parachichi. Ikipanda kilo tatu ndani ya mwezi mmoja, punguza mafuta ya usiku, na unijibu kwa ukweli kama vile vidonge uliviacha.