Maswali ya wasomaji: radi, mnara wa ng'ambo na betri ya ruta

Ruta yangu ya kwanza iliungua mwezi wa kumi. Nikanunua nyingine, pamoja na ralonji (waya wa kurefusha umeme) yenye kinga ya radi, na bei yake si haba. Juzi mvua imepiga, na hii nayo imekufa: taa zinawaka, simu zinaona waifai, lakini intaneti hakuna. Antena iko juu ya bati. Je, niliuziwa ralonji feki? (Msomaji, Bagira)

Pengine si feki, papa. Ulifunga mlango, mwizi akapitia dirishani. Kama taa zinawaka na waifai inaonekana, upande wa umeme wa ukutani umepona. Kilichoungua ni tundu la WAN, pale unapoingia waya unaoshuka kutoka kwenye antena. Ralonji yako haikuwa njiani hata kidogo.

Waya wa mita 20 au 30 unaopita nje ni mtego. Si lazima radi ipige bati lako: ikianguka jirani, msukumo wake unaingia katika waya huo na kutafuta pa kutokea, na mlango wa kwanza unaokutana nao ni ruta. Nanyi wa Bagira, hapa Bukavu, mko jirani na Kabare. Hesabu ya satelaiti ya miaka 1998 hadi 2013, iliyochapishwa mwaka 2016, iliipa Kabare nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Iliyotangulia ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Ruta mbili kwa msimu mmoja si mkosi wala si jicho la jirani.

Ralonji nayo ina kasoro yake. Ndani mna kipande kidogo kiitwacho varista, ambacho kazi yake kubwa ni kuupeleka umeme uliozidi kwenye waya wa ardhi. Tazama priza ya ukutani: kama ina matundu mawili tu, bila kile kijiti cha chuma kinachochomoza, waya wa ardhi hauko, na varista haina pa kuutupa mzigo. Nyumba nyingi ziko hivyo. Hata kijiti kikiwepo, mwambie fundi apime. Wengine wanakiweka kama pambo, nyuma yake hakuna waya. Tena varista huchoka kila inapopigwa, kwa hiyo ralonji iliyomeza radi kadhaa inabaki ralonji ya kawaida.

Kabla hujanunua ruta ya tatu, pima. Chukua kompyuta, uiunge moja kwa moja kwenye kile kisanduku cheupe au cheusi kinachopeleka umeme kwenye antena, upande ulioandikwa LAN. Antena ikijibu, basi ni tundu la ruta tu lililokufa, na ruta kadhaa zinakubali tundu lingine ligeuzwe kuwa WAN katika mipangilio yake. Antena isipojibu, badilisha kwanza hicho kisanduku. Mara nyingi ndicho kinachokufa, na bei yake haifiki ya antena.

Kinga ya kweli ni kuchomoa, nyaya zote mbili: wa umeme na wa antena. Fanya hivyo mapema. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilometa. Ukifika 30 kabla ya kusikia, radi iko kilometa 10, bado una nafasi. Ikiwa imeshafika juu ya nyumba, acha ruta iungue. Usiushike waya huo, kwa sababu ruta nyingine itapatikana. Mwisho wa waya uliochomolewa usiuache umelala juu ya televisheni.

Ukitaka zaidi ya hapo, shusha antena isiwe kilele cha nyumba (kwenye ukuta chini ya ukingo wa bati inatosha, mradi bado inauona mnara). Chini ya mlingoti pigilia fimbo ya ardhi ya mita 1.5 au zaidi, uiunge na mlingoti kwa waya mnene wa shaba, wa milimita za mraba 16. Kama nyumba ina ardhi yake, ziunganishe hizo mbili. Ardhi mbili zisizoshikana ni hatari kuliko moja, kwani radi hupita toka moja kwenda nyingine, na njia yake inakuwa ile ruta uliyotaka kuiokoa. Mjini kwetu udongo ni wa mfinyanzi na unashika maji, fimbo inaingia vizuri. Wa Goma, juu ya mawe ya volkeno, wana kazi kubwa zaidi.

Nikikaa kwenye baraza, simu inanikaribisha Rwanda na inite (salio) zinaisha bila kupiga mtu. Sijavuka mpaka hata siku moja mwezi huu. (Mama wa Nguba)

Simu yako ndiyo iliyovuka, mama. Maji ya Ziwa Kivu hayana ukuta wala kilima, kwa hiyo mnara wa ng'ambo unafika barazani kwako wazi kabisa, huku ule wa kwako umefichwa na mwinuko wa nyuma ya nyumba. Simu ikipoteza wa kwako kwa dakika moja, inashika ule inaouona, na inaweza kukaa nao muda mrefu. Hapo programu zinazofanya kazi chinichini zinakula inite kwa bei ya ugenini.

Fungua mipangilio ya mitandao ya simu, tafuta neno *Itinérance* (kutumia mtandao wa ugenini), uzime. Hilo linazuia mega (intaneti) tu. Simu za sauti bado zinaweza kupita ng'ambo, na hata kupokea kunaweza kukatwa pesa. Kwa hiyo endelea: kwenye orodha ya waendeshaji, zima uchaguzi wa moja kwa moja, subiri dakika mbili tatu simu itafute, kisha gusa jina la mtandao wako mwenyewe. Wakati mwingine orodha inaonyesha tarakimu badala ya majina: zinazoanza na 630 ni za Congo, 635 ni za Rwanda. Kama simu ina kadi mbili, fanya kwa kila kadi.

Ukisafiri na simu ikakuambia hakuna mtandao, kumbuka kurudisha uchaguzi wa moja kwa moja.

Kwa nini saa ya simu inarudi nyuma saa moja kila nikiizima na kuiwasha? (Mwanafunzi, Panzi)

Inafuata saa ya Kinshasa. Nchi yetu ina majira mawili, na simu imechukua yale ya magharibi. Usisogeze saa kwa mkono: ujumbe unaoingia utaendelea kuandikwa saa moja nyuma. Zima majira ya moja kwa moja, chagua *Lubumbashi, GMT+2*, basi.

Nina inverta na betri ya volti 12, ya Ah (ampea-saa) 7. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, ruta haifiki saa tatu usiku. Betri ni mpya. (Mwenye duka, Kadutu)

Inverta ndiyo mlaji. Inapandisha volti 12 kuwa 220, kisha adapta inazirudisha kuwa 12, na kila mgeuzo unapoteza. Inverta yenyewe inakula wati kadhaa hata isipobeba kitu.

Soma kibandiko cha ruta. Kama kimeandikwa 12V, ipeleke moja kwa moja. Betri yako ina wati-saa 84, na betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 42. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa 5 hivi, yaani mpaka karibu na saa tano usiku. Ikifika volti 12.2, ikate, ukiizoesha kwenda chini zaidi, itakufa mapema.

Ikiwa inachajiwa, betri hupanda hadi volti 14 na ushei, kwa hiyo weka katikati kidhibiti kinachotoa 12 kamili. Karibu na ncha ya chanya weka fyuzi ya ampea 2. Kichwa cha waya kwa kawaida ni cha milimita 5.5 nje na 2.1 ndani, kile cha 2.5 kinaingia pia, lakini kinalegea, na ruta inajizima na kujiwasha ukidhani ni mtandao. Hakikisha chanya iko katikati, kama mchoro wa kwenye kibandiko unavyoonyesha.

Wengine wanatumia pawabenki na waya unaopandisha volti 5 kuwa 12. Ya mAh 10 000 ina wati-saa 37, ukitoa upotevu inaendesha ruta hiyo kama saa 3. Lakini tundu la 5V 2A lina wati 10 tu, na wateja wakijaa dukani na simu zao, ruta huzimika.