Walinipima AMH nikiwa bado nameza vidonge vya majira

Nikiwa na miaka 36 niliambiwa nitafute yai la mwanamke mwingine. Karatasi ilisema AMH, homoni inayokadiria wingi wa mayai yaliyobaki, ni 0.9 tu. Daktari wa kliniki ile ya kwanza aliitazama, akafunga faili. Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani.

Mirija yangu yote miwili imeziba, kwa hiyo kupandikiza mimba ndiyo njia niliyobaki nayo. Lakini nilikuwa nameza vidonge vya majira mwaka wa nane, kwa ajili ya maumivu ya hedhi, na hakuna aliyeniuliza. Daktari wa pili, mama wa makamo, aliuliza hata kabla sijakaa vizuri: "Mwanangu, unatumia dawa gani sasa hivi? Zote, hata za kununua dukani."

Vidonge vile huizuia tezi ya ubongoni isitume homoni ya kukuza vifuko vya mayai. Ovari zinapumzika, vifuko vidogo vinavyotoa AMH vinapungua, na kipimo kinashuka. Mayai hayajafa. Tena AMH inakadiria wingi tu. Ubora wa yai unategemea zaidi umri, kwa kuwa yai umezaliwa nalo, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyokosea kugawa kromosomu. Hilo hakuna kidonge kinacholirudisha nyuma.

Niliacha. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 1.4. Si muujiza, ila mazungumzo ya yai la kuazima yaliishia hapo. (Kama unachoma sindano ya miezi mitatu, subira yako ni ndefu zaidi: kwa wastani mimba hushika miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho.)

Katika kungoja huko nilifanya ujinga wangu. Shoga yangu aliniagizia mtandaoni vidonge vya homoni viitwavyo DHEA, eti "inaongeza nguvu ya mayai". Mwilini dawa hiyo hugeuka testosteroni. Kidevu kilijaa chunusi, nikaota vinywele viwili vigumu, na nikamficha daktari kwa wiki tano. Wapo madaktari wanaowapa baadhi ya wagonjwa, kwa kuwapima. Mimi nilijipa mwenyewe kwa ushauri wa WhatsApp. Usifanye hivyo, hasa kama una PCOS (tatizo la homoni na ovari), maana huenda homoni hizo za kiume tayari unazo za ziada.

Sindano za kupevusha ndizo wengi wanaziogopa, wakisema zinamaliza mayai. Kila mwezi kundi la vifuko huanza safari, kimoja kinashinda, vingine vinakufa. Sindano huviokoa hivyo vya kufa; akiba ya miaka ijayo haziigusi. Nilichoma siku 10. Kalamu nilizihifadhi kwenye mlango wa friji, kando ya trei ya mayai ya kuku, na mume wangu hakuchoka kunitania. Umeme ulipokatika nilizikimbiza kwa jirani mwenye jenereta. Ile ya mwisho, ya kukamilisha kupevuka kwa mayai kabla ya kutolewa, haina mzaha na saa: niliichoma Jumatatu saa tatu usiku, mayai yakatolewa Jumatano saa tatu asubuhi. Yalikuwa tisa, saba yamepevuka.

Na kichekesho ni hiki: kabla ya mzunguko ule, yule mama alinipa tena vidonge vilevile vya majira, siku 14, ili kupanga tarehe. Nilimtazama. Akacheka: "Sasa tayari nimeshakupima."