Kidevu kikigonga chini, mtazame mtoto mbele ya sikio

Mfungue mwanao kitambaa hicho leo, kabla hata hujamaliza kusoma. Umeandika kwamba mtoto wako wa miaka sita alianguka kutoka mwembeni huko Urambo siku tatu zilizopita, kidevu kikashonwa nyuzi nne, sasa analia akitafuna, na jirani amekushauri umfunge taya kwa kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini kwa wiki tatu ili mfupa ushike, nawe umeshamfunga. Ushauri kama huo nilipewa mimi hapa Tabora mwaka 2014. Niliufuata bila kupunguza hata siku moja, na binti yangu aliulipia kwa miaka mitatu ya kutoweza kufungua kinywa.

Alikuwa na miaka mitano. Ulikuwa msimu wa embe, naye aliteleza kutoka kwenye tawi ambalo halikuzidi kimo changu, akatua kwa kidevu juu ya mzizi. Damu ilikuwa nyingi, na macho yetu sote yakaenda kwenye damu. Tulipofika kwenye zahanati, mhudumu alisafisha jeraha, akashona vizuri sana, kovu lenyewe leo halionekani isipokuwa ukiliinamia. Mke wangu alimwonyesha pia tone la damu lililokauka kwenye tundu la sikio la kushoto. Akajibu kwamba mtoto atakuwa amejikwaruza na tawi. Nilipouliza kama taya linaweza kuwa limevunjika, alisema mifupa ya watoto ni laini, haivunjiki, na hakumwomba hata mara moja afumbue kinywa. Sentensi hiyo bado inanichoma. Mfupa wa mtoto unaweza kuvunjika kama kijiti kibichi: hupinda, hupasuka upande mmoja, na kwa macho ya nje huonekana mzima.

Umeuliza mifupa ya fuvu ni mingapi. Ni 22, minane ya kuhifadhi ubongo na 14 ya uso. Mimi ni mwalimu wa sayansi, namba hiyo naijua kwa miaka mingi, na siku ile haikunisaidia kwa lolote, kwa sababu sikuwahi kuifikiria habari inayofuatana nayo: katika mifupa hiyo yote, taya la chini peke yake ndilo linalotembea. Mingine imeshonana kwa mishono isiyocheza. Taya lina umbo la kiatu cha farasi, katikati kuna kidevu, na kila ncha inapanda juu hadi mbele ya sikio, ambako inaishia kwa kichwa kidogo cha mviringo, kinachoitwa kondili, kilichokaa ndani ya kishimo cha mfupa wa panja. Weka kidole chako mbele ya tundu la sikio, fumbua kinywa, kisha fumba. Kile kinachoteleza chini ya kidole ndicho kichwa cha taya.

Sasa fikiria pigo la kidevu. Nguvu ile haiishii kidevuni. Hupanda kwenye matawi yote mawili ya taya hadi kwenye vile vichwa viwili. Kwa mtu mzima, sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa, yaani shingo ya taya, mara nyingi huvunjika kwanza, na kuvunjika huko husaidia kuzuia kichwa cha taya kisipenye kwenye fuvu. Kwa mtoto mdogo shingo hiyo bado ni fupi na nene, na kichwa chenyewe kina ganda jembamba lililojaa mishipa ya damu, kwa hiyo kinachoweza kupondeka ni kichwa, ndani kabisa ya kifuko cha kiungo. Damu hujaa humo. Damu hiyo ikikaa pamoja na vipande vya mfupa, na kiungo kisipochezeshwa, mwili hufanya kazi yake ya kuunga: huunga mfupa na mfupa. Taya linaweza kushikamana na fuvu. Madaktari huita hali hiyo ankilosisi.

Ndiyo maana kitambaa kile ni kosa. Mguu uliovunjika hufungwa usicheze, na fundi wa viungo aliyekuja nyumbani kwetu alihamisha kanuni ya mguu akaileta kwenye kiungo cha taya. Alikuwa mzee wa heshima, mikono yake imewanyoosha wengi hapa mtaani, na sisemi kwamba alitaka kutudhuru. Lakini alizungumza kwa uhakika mkubwa juu ya kitu asichokijua, na hilo sijamsamehe. Aliikunja khanga ya mke wangu mara nne, akaifunga mafundo mawili utosini, akasema mtoto anywe uji kwa mwezi mzima na asiongee. Tulikuwa tukimkemea kila alipojaribu kupiga miayo. Kuvunjika kwa kichwa cha taya kwa mtoto kwa kawaida hutibiwa kwa chakula laini, dawa ya maumivu na kuanza mapema kulichezesha taya chini ya uangalizi wa daktari, na hata pale daktari anapolazimika kulifunga, hulifunga kwa muda mfupi kisha humhimiza mtoto afumbue. Sisi tulimzuia kwa mwezi. Juu ya hayo, mtoto aliyefungwa kinywa akitapika usiku anaweza kupaliwa na matapishi.

Tulipofungua khanga, kinywa kilifunguka nusu ya kawaida, tukaambiwa kitalegea chenyewe. Hakikulegea. Mwaka wa kwanza aliacha michembe, kwa kuwa hakuweza kuitafuna, kisha akaacha mahindi ya kuchoma, nasi tukadhani anadeka. Mwaka wa pili alikuwa akisukuma tonge la ugali kwa kidole kupitia pembeni ya shavu, akilivyonza polepole hadi lilainike. Meno ya nyuma yakaoza, maana mswaki haukupita. Usiku alikoroma kama mtu mzima, kwa sababu kichwa cha taya ni mojawapo ya sehemu zinazolikuza taya, na upande ulioharibika ulikuwa umebaki nyuma, kidevu kikarudi ndani na njia ya hewa ikabanwa. Siku moja shuleni nilimpa penseli aishike kwa meno ya mbele nikiwa nafunga daftari zake. Penseli haikuingia. Nilisimama pale mbele ya darasa nikiwa nimeishika, na ndipo nilipoelewa kwamba huyu mtoto hadeki.

Daktari wa meno wa kwanza aliyemwona kwa umakini hakushika meno kwanza. Aliweka vidole viwili mbele ya masikio yake, akamwambia afumbue, na akasema upande wa kushoto hakuna kinachotembea. Akanieleza pia jambo ambalo ningeweza kuliona mimi mwenyewe tangu wiki ya kwanza. Misuli mikuu ya kutafuna ni minne kila upande. Mitatu hulifunga taya: maseta, unaoushika shavuni ukikaza meno, temporali, ulioenea kwenye panja kama kipepeo cha kupepea moto, na terigoidi ya ndani. Wa nne, terigoidi ya nje, hushika shingo na kifuko cha taya na kuvuta mbele ili kinywa kifunguke. Kichwa kikivunjika, msuli huo huo huvuta kipande kilichovunjika mbele na ndani. Matokeo yake mtoto anapofumbua, upande mzima huteleza mbele, upande mbovu hubaki, na kidevu hukimbilia upande uliovunjika. Binti yangu alikuwa akifumbua kinywa kwenda kushoto tangu siku ile ya mwembe. Katika picha ya Krismasi ya mwaka ule, akicheka, kidevu kiko kushoto kabisa, na picha hiyo ilikuwa ukutani kwetu.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2017. Tulikwenda kwa treni, nimebeba chupa mbili za uji. Kumlaza kwa dawa ya usingizi kulikuwa kazi kwa kuwa kinywa hakikufunguka kupitisha mpira wa hewa, ikabidi upitishwe puani kwa kuongozwa na kamera nyembamba. Walikata ule mfupa ulioungana, wakaacha pengo, na katikati wakalaza ukanda wa msuli wa temporali ili mifupa isishikane tena. Alipoamka, nyusi ya kushoto haikupanda. Misuli ya kutafuna huendeshwa na neva ya tano ya kichwa, lakini misuli ya kucheka, kukunja paji na kufumba macho huendeshwa na neva ya saba, ambayo matawi yake hupita karibu sana na kiungo hicho, na moja lilikuwa limevutwa wakati wa upasuaji. Ilirudi baada ya wiki kadhaa. Kisha yakaja mazoezi: vijiti bapa vya mbao, vile vya kubonyezea ulimi, vinapangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno, na kila baada ya siku chache unaongeza kimoja, mara nne kwa siku, karibu mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa navisukuma. Mtoto alikuwa akinitazama huku machozi yakishuka, na sikuruhusiwa kuacha.

Kwa hiyo sikiliza, dada yangu. Kidevu kikigonga chini, jeraha la kidevu lishonwe, lakini jicho lako liwe mbele ya masikio. Mwambie mwanao aweke vidole vyake mwenyewe vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangana wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vidole vyako havifai kwa kipimo hiki. Visipoingia, usimlazimishe. Mtazame akiwa amekuelekea, uone kama kidevu kinakwenda upande. Muulize kama meno ya nyuma yanakutana kama zamani pande zote mbili. Chungulia masikioni, kwa maana kichwa cha taya kikisukumwa nyuma kinaweza kupasua ukuta wa mbele wa tundu la sikio, na damu ya sikio inaweza pia kutoka kwenye ufa wa kitako cha fuvu. Ukiiona damu hiyo, au akitapika, au akisinzia kusiko kwa kawaida, usisubiri asubuhi.

Hata kama huoni lolote, kesho nenda naye hospitali yenye kitengo cha kinywa na meno. Usikubali picha ya eksirei ya kichwa ya upande mmoja tu, kwa kuwa vichwa vya taya hufichwa na mifupa mingine. Omba picha inayoonyesha taya lote kutoka sikio hadi sikio, au kipimo cha CT, kile kinachopiga picha za ndani tabaka kwa tabaka, kama kipo. Akikujibu mtu kwamba mifupa ya watoto haivunjiki, omba rufaa hapo hapo. Chakula kiwe laini, uji, mlenda, ndizi zilizopondwa, lakini aongee, na akitaka kupiga miayo mwache apige.

Usiku huu, akishatoka kwenye hicho kitambaa, mpime vile vidole, kisha uandike hapa vimeingia vingapi na kidevu kimekwenda upande gani. Nipo macho.