Kiingereza hakina "-ka-"

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni karani wa kampuni ya kupitisha mizigo forodhani hapa Malaba. Ripoti zangu za Kiingereza bosi huzirudisha zimejaa wino mwekundu. Jumatatu alizungushia koma hii: "The lorry arrived at noon, the driver was sick." Mbona mimi sioni kosa? Halafu "its" na "it's" zinanichanganya kila siku.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe unaandika Kiingereza huku sikio lako liko kwenye Kiswahili. Sisi husema, "Lori likafika, dereva akashuka, akatoa karatasi, akaketi kivulini." Koma pale ni ya kuvuta pumzi tu, kazi ya kuunganisha inafanywa na "-ka-". Kiingereza hakina "-ka-". Ukiweka koma peke yake kati ya sentensi mbili zinazojitegemea, umepakia magunia bila kamba. Weka nukta, au ongeza kiunganishi: "The lorry arrived at noon, but the driver was sick." Nukta-mkato nayo ingefaa, ila iache kwanza, wengi huibandika kama pambo. Na usidhani "however" itakuokoa. Makarani mnaipenda sana, lakini hiyo si kamba: kabla yake bado panatakiwa nukta.

Jaribu hivi. Chukua ripoti ya wiki iliyopita, uweke kidole kwenye kila koma. Je, upande wa kushoto una mtenda na kitenzi chake? Wa kulia je? Kama pande zote mbili zinavyo na hakuna kiunganishi, hapo ndipo wino wa bosi utakapotua.

Sasa ritifaa. Tumeizoea kwenye ng'ombe, ambako kazi yake ni kuonyesha sauti. Kwenye "it's" inaonyesha kwamba kuna herufi zimedondoka: ni "it is" au "it has", basi. Umiliki ni "its", bila ritifaa, kama "his". Ukiandika "The lorry lost it's mirror", isome kwa kirefu: "lost it is mirror". Umesikia mwenyewe. (Usione haya sana: miaka 300 iliyopita hata Waingereza waliandika "it's" kwa maana ya umiliki.)

Wingi nao hautaki ritifaa. Hilo nililipia kwa aibu. Nikiwa mwalimu mgeni katika shule moja huku Jinja, niliandika kitambaa cha Siku ya Wazazi kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa kubwa: "PARENT'S ARE WELCOME". Mama mmoja, muuza samaki, akakisimamia akitabasamu. "Mwalimu, huyo mzazi mmoja ana nini chake kinachokaribishwa?" Rangi ya mafuta haifutiki kwa maji. Kitambaa kilining'inia pale langoni mpaka jioni.