Kopo lililobonyezwa kitako

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umesema unauza maharage Mbuyuni, Moshi, kwa kopo lililobonyezwa kitako ili lipime pungufu, na tangu uokoke Mithali 11:1, isemayo mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, inakuchoma. Hiyo ni neema, usiizime.

Leo hii litoe kopo mezani. Usilifiche chini ya gunia "kwa dharura", maana siku mauzo yakidorora mkono utalirudia. Uzia mizani yenye stempu ya Wakala wa Vipimo. Faida ikipungua, pandisha bei waziwazi. Bei mteja anaisikia na anaweza kuikataa, kitako kilichobonyea hakioni.

Kwenye kurudisha ulichopunja ndipo wengi hukwama: wanapeleka fedha kapuni kanisani, na mteja aliyepunjwa hajui lolote. Mathayo 5:23-24 inataka upatane naye kwanza, ndipo utoe sadaka. Walawi 6:5 inataja kiasi: ulichochukua, na sehemu ya tano juu yake. Mama ntilie uliyempunja 10,000 mpe 12,000, na umwambie kwa nini. Huna zote? Mkubaliane tarehe, umlipe kidogo kidogo. Wapita njia usiowajua, fungu lao wape maskini.