Mnaoanza kazi ya panya na magonjwa: mgeuze kwanza ndo umpe jina

Wadogo zangu, kitu kimoja nawaomba mkishike, jina la mnyama ndo data yenyewe. Wengi wakifika fildi akili yote iko kwenye damu na viroboto, mnyama mwenyewe anaandikwa fasta fasta "panya shamba" basi, halafu maabara wanakuta ugonjwa na hakuna anayejua umetoka kwa nani.

Mwezi wangu wa kwanza niliandika vinyama vitano kuwa watoto wa panya, vidogo, vya kijivu, sikujiuliza. Mwalimu wangu akachukua kimoja akakifungua mdomo kwa kibano, akasema angalia hapa. Panya ana meno mawili marefu mbele, juu na chini, halafu pengo tupu mpaka ufike kwenye magego. Hiki hakikuwa na pengo, vijino vimepangana mpaka nyuma, pua imechongoka, macho kama mbegu za mchicha. Kirukanjia, yule yule tunayemkutaga amekufa njiani. Sio panya kabisa, wala hana undugu wa karibu na panya, na mimi nilikuwa nishawachanganya kwenye daftari moja.

Kwahiyo mgeuze. Kama ni jike pulizia manyoya ya tumbo uhesabu chuchu, panya shamba (Mastomys) anakuwaga na jozi 8 mpaka 12, mistari miwili mfululizo kutoka kifuani mpaka chini. Angalia yale meno marefu ya mbele ya juu kama yana mfereji. Yule mwenye manyoya magumu kama brashi, Lophuromys, usimshike mkia maana unakatika kirahisi sana, na ukimkuta umeshakatika andika umekatika, usipime kile kipande ukaweka namba, mwenzio atakuja kudhani ni mnyama mwingine. Mguu wa nyuma sema umepima na kucha au bila kucha.

Kila mnyama na mfuko wake, jamani. Mwili ukipoa viroboto wanahama, na sehemu kama Lushoto, ambako tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto, ilianza kusumbua mwaka 1980, kiroboto akihamia mfuko wa jirani ushapoteza habari ya nani alikuwa naye. Na glavu usivue eti panya ni mdogo, mkojo wake unaweza kukupa homa ya mgunda, ile iliyoua watu Lindi mwaka 2022.

Sasa hata ukipata jina sahihi hujamaliza, na hapa ndo napapenda mimi. Mastomys natalensis huyo huyo Afrika Magharibi anabeba Lassa, virusi vya homa inayoua watu, kwetu habebi. Wa Morogoro ana virusi vya Morogoro, wa Gairo ana virusi vya Gairo, vyote havijulikani kuumiza watu. Waweke mezani pamoja, huwatofautishi hata ukikesha. DNA ndo inaonyesha ni koo mbili, yaani nasaba mbili, na pale koo zinapokutana, virusi kila kimoja kinabaki na ukoo wake! Yaani bila kipande cha ini kwenye spiriti na vipimo vya GPS vya mtego wenyewe, sio vya kijiji, hilo lisingeonekana kamwe.

Na lebo andika kwa penseli, itumbukize humo humo kwenye kichupa na sampuli. Wino wa peni ukikutana na spiriti unayeyuka, utabaki na kichupa kizuri cha mnyama asiye na jina.