Daino imetoa farasi 121, kitabu kinasema 150

Mkuu, kitabu cha gari kimeandika nguvu za farasi 150, daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) imekupa 121, na fundi ameshaanza kukuimbia habari za ringi za pistoni. Usifungue injini bado.

Ile 150 kiwanda kilipima injini ikiwa peke yake, kwenye flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa injini. Wewe umepimwa kwenye magurudumu, baada ya nguvu kupita giaboksi, difu na tairi zinazobonyea juu ya rola. Kote huko inaliwa. Kwako imeliwa kama asilimia 19. Kwa otomatiki mimi nisingepoteza usingizi. Kwa gia za mkono ningeanza kuulizauliza.

Waulize pia walisahihisha hali ya hewa kwa kipimo gani. Kiwango cha SAE J1349 hurudisha hesabu kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, DIN 70020 ya zamani kwenye nyuzi 20. Gari ni lilelile, namba mbili.

Gari langu lilinitoa jasho kwenye daino. Raundi ya kwanza farasi 104, ya pili 101, ya tatu 97. Nikajua injini inanifia mkononi. Kumbe kifeni walichoweka mbele kilifaa kupoza watu, si gari, na boneti ilikuwa imefungwa. Hewa inayoingia ikipata moto huwa nyepesi, na kompyuta nayo huchelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda. Tukafungua boneti, tukaliacha dakika 20, likarudi 103.

Kilichonisaidia hasa siku ile ni mchoro, ule mstari wa nguvu kadiri mizunguko ya injini inavyopanda, wala si namba ya juu kabisa. Mstari wangu ulipanda laini hadi mizunguko 4,800 kwa dakika, kisha ukaota meno kama msumeno. Koili (kifaa kinacholipa plagi umeme) ya silinda ya tatu ilikuwa inakata moto ikibebeshwa mzigo. Barabarani nilikuwa nahisi kama gari linasitasita kidogo tu, nikisingizia mafuta machafu. Nikabadilisha koili, nikarudi kwenye daino ileile, gia ileile, upepo wa tairi uleule. Meno yakaisha, na farasi 6 zikarudi.

Kwa hiyo weka hapa picha ya mchoro wako wote, si ile 121 tu. Taja na gia mliyotumia (inayofaa ni ile yenye uwiano ulio karibu na 1:1, mara nyingi ya nne), na kama mlipiga raundi zaidi ya moja, zote zilitoa ngapi.